Bibi Harusi Hatoki Mara Mbili

Jumatatu, 3 Juni
Vidonge, uji, cherehani. Muuguzi wa kliniki ya kifafa ameagiza kila nikipatwa na wazo la ghafla niliandike kwanza, ndipo nitende. Anasema kwa baadhi yetu papara na huzuni huandamana na ugonjwa. Si utovu wa adabu, wala si mapepo. Nimefurahi. Kumbe utoto mzima nilichapwa kwa makosa ya ubongo.

Leo nimenyoa nywele zote. Ndiyo naandika sasa. Agizo nimelitii kinyumenyume.

Jumatano, 5 Juni
Shangazi kapiga simu kutoka Butiama. Jumamosi wakwe wanatoka Nyasura kuja kupanga mahari. Kusikia habari ya nywele, kalia kama kafiwa. Kuhusu kifafa kaamuru nifunge mdomo mpaka ng'ombe wafike zizini. Magesa, mchumba wangu, anajua. Ameshaniona nikianguka. Mama yake hajui, na Magesa naye anasema tusubiri.

Naogopa. Siku moja nitaanguka jikoni kwa yule mama, naye atasema aliuziwa mbuzi kwenye gunia. Sitaki kuolewa kwa kificho.

Jumamosi, 8 Juni. Butiama
Kazi ya bibi harusi ni nyepesi. Anakaa chumbani, anaitwa sebuleni, anaulizwa kama wageni anawajua, anajibu anawajua, anarudi alikotoka. Shangazi kanifundisha asubuhi nzima, kanifunga na kilemba. Nikaitwa. Baba akauliza.

"Nawajua," nikasema. "Wao ndio hawanijui. Nina kifafa."

Shangazi akaanzisha pambio. Hakuna aliyeitikia. Nikarudi chumbani.

Nilidhani wataondoka. Wapi. Mjomba wa Magesa akakohoa, akasema basi ng'ombe wapunguzwe. Baba akawaka, akasema binti yake si mbuzi chongo. Wakavutana, huyu anapunguza, huyu anakataa. Magesa kainamia soda yake tu. Nikatoka tena. Bibi harusi hatoki mara mbili, tangu dunia iumbwe. Nikawaambia hapungui hata ndama mmoja. Kilemba kikaanguka. Wakauona na upara.

Mama Magesa aliniangalia sana, kisha akaomba waende kwanza nyumbani. Wali wetu hawakuugusa.

Jumapili, 9 Juni
Kanisani sijaenda. Shangazi kaenda kwa niaba yangu, na kaomba sala kwa jina langu kamili.

Jumanne, 11 Juni. Kigera
Nimerudi kwangu. Siku mbaya. Cherehani sijaifunua. Magesa hapigi simu. Mwili mzito, moyo mzito zaidi.

Wazo la ghafla: vidonge vyote nikavitupe ziwani. Nimeliandika. Nimelisoma. Wazo la kijinga, na samaki wamekosa nini. Nimemeza vya leo, nikampigia muuguzi nikiwa nalia. Kaniambia niende kesho asubuhi. Nitaenda.

Jumatano, 12 Juni
Nimeenda. Muuguzi kanisikiliza mpaka foleni ikaanza kuguna. Nimeongea mengi. Nafuu kidogo.

Ijumaa, 14 Juni
Mama Magesa kaingia dukani kwangu ninakoshonea, peke yake, bila taarifa. Nilijua kaja kuvunja uchumba. Akavua viatu, akakaa kwenye benchi la wateja. Akasema mwanawe kakiri kwamba alijua akanyamaza, naye kamgombeza mpaka leo hathubutu kushika simu. Kisha akanigeukia.

"Yule mjomba anaongeaga sana, mwanangu. Mimi nataka kujua kitu kimoja. Ukiangukaga, tunafanyaje?"

Nikamweleza. Nilazwe ubavu, nguo ilegezwe shingoni, kijiko kisiingizwe mdomoni, mtu abaki nami mpaka nizinduke. Maelezo hayakumtosha, akataka kufanya mwenyewe. Nikalala sakafuni, katikati ya vipande vya vitenge. Akanigeuza kwa nguvu za mtu aliyezoea magunia ya mihogo. Mteja wa sare za shule akaingia, akapiga yowe. Mama Magesa akamwambia asubiri nje, anajifunza mkwe wake.

Akarudia, safari hii polepole. Akakunja kanga yake akaniwekea chini ya kichwa, akauliza kama naumia. Siumii. Tukabaki hivyo kitambo, mkono wake begani mwangu.