Nilimwambia dada bado, na punda alikuwa tayari

Jumatano, Nyamugari. Mvua imenyesha tangu asubuhi, ile nyembamba isiyolowesha vizuri wala kukatika. Shati la shule nililoanza kushona saa tatu bado liko chini ya sindano, kola imeshikwa upande mmoja tu. Mikono imekataa kazi. Naandika kwa kuwa siwezi kukaa bure.

Leo mtoto wa punda amekufa Gasorwe, upande wa Muyinga, na nadhani nina sehemu yangu katika kifo chake.

Dada yangu Zaituni anaishi peke yake kule, juu kilimani, tangu mume wake afariki. Nyonga yake ya kushoto ni mbovu, na maji yako bondeni. Mimi ndiye niliyemshauri anunue punda. Alicheka sana siku ile. Watu wa kule wanajua ng'ombe na mbuzi; ukipita na punda watoto wanakufuata kama umeleta sinema. Lakini sisi tulikulia ukimbizini, upande wa Tanzania, na baba alichunga punda wa tajiri mmoja wa kijiji cha jirani. Dada alibaki jikoni na mama. Mimi nilimfuata baba zizini. Basi katika familia yetu mimi ndiye ninayejua punda, ingawa nashona nguo hapa Gitega na punda wenyewe nawaona mara mbili kwa mwaka.

Punda wake anaitwa Kahawa. Ni mdogo, mgongo wake haunifikii kiunoni, lakini anabeba bidoni nne za maji kilima chote bila kugoma. Mwaka jana alipandwa na dume la mchuuzi aliyevuka kutoka Tanzania, na dada akanipigia simu akicheka kama msichana. Hii ilikuwa mimba yake ya kwanza.

Nikahesabu. Punda hubeba mimba mwaka mzima, na wengine huongeza mwezi au zaidi. Nikamwambia dada mtoto atazaliwa mwezi ujao, si kabla. Nilisema hivyo kama mtu anayesoma kwenye karatasi.

Jumapili alinipigia.

"Yusufu, kiwele yake imejaa. Na hapa karibu na mkia, nikigusa, nyama inalegea kama ugali ya maji. Mi naona siku zake zimefika."

Nilikuwa na mteja mbele yangu. Nilimuuliza swali moja tu: kwenye chuchu kuna nta? Baba alinionyesha nta ile, matone ya njano yaliyokauka mwishoni mwa chuchu, kama mshumaa uliolia. Ukiiona, alisema, usiende mbali. Dada akasema hapana, nta haoni.

"Basi bado," nikamwambia. "Mwezi ujao."

"Lakini tumbo pia limeshuka. Na anajitenga, hataki hata mbuzi wamukaribie."

"Dada, bado."

Akasema ego, sawa. Ni mkubwa kwangu kwa miaka sita, na alinitii.

Nimelifikiria neno lile siku nzima ya leo.

Jana akampakia Kahawa maharage, akaenda naye sokoni na kurudi. Hangefanya hivyo kama nisingesema bado. Sijui kama mzigo ule ndio uliodhuru. Labda mguu wa mtoto ungekunjika tumboni hata kama Kahawa angeshinda amelala kivulini. Lakini sijui, na kutojua huku ndiko kunakonitafuna.

Leo saa nne kasorobo simu ikalia. Sauti ya dada ilikuwa juu. Kahawa alikuwa analala na kuamka, anatazama ubavu wake, jasho limemlowesha shingo. Nta haikuwahi kuonekana. Maziwa yalikuwa yanatiririka moja kwa moja hadi kwenye kwato. Wakati tunaongea, maji yakamwagika. Nilisikia dada akishtuka kwa Kirundi, "Yampaye inka," na mimi nikasimama kutoka kwenye kiti kana kwamba kusimama Nyamugari kungemsaidia mtu Gasorwe.

Baada ya maji kumwagika, punda hana muda. Nusu saa ni nyingi.

Nikamuuliza anaona nini. Akasema anaona ukwato mmoja na pua. Nikamwomba atazame tena, inatakiwa miguu miwili ya mbele na pua juu yake, kama mtoto anayejitupa mtoni.

"Iko mmoja, Yusufu. Nimekwambia iko mmoja!"

Mguu wa pili ulikuwa umekunjika nyuma.

Nilimwona baba mara moja tu akirekebisha mguu kama huo. Aliosha mkono kwa sabuni hadi kwenye kiwiko, akasubiri mnyama aache kusukuma, akamrudisha mtoto ndani kidogo, akautafuta ukwato na kuufunika kwa kiganja usimchane mama, akauleta mbele. Niliyaeleza yote hayo kwa simu, kwa mwanamke mwenye nyonga mbovu aliyepiga magoti kwenye matope. Maneno yalitoka kwa mpangilio mzuri. Nilijichukia kwa jinsi yalivyotoka vizuri.

Akaiweka simu chini bila kuikata. Nilisikia mvua, hata kule inanyesha. Nilisikia punda akiguna na dada akimbembeleza kwa Kirundi, buhoro, buhoro, polepole. Halafu akapiga kelele, "Nimeushika!" Halafu simu ikakatika.

Nikapiga. Haipatikani. Nikapiga tena. Moto wa simu yake ulikuwa umeisha, na huwa anaichaji kwenye duka la pale senta ya biashara, mwendo wa saa nzima kwa mguu wake.

Nikampigia mganga wa mifugo wa kule. Mtu mwema. Akaniambia yuko karibu na mpaka na pikipiki yake imesimama siku ya tatu, haina mafuta; nchi nzima mafuta yameadimika. Nikachukua mwavuli, nikaenda parikingi, kwenye kituo cha magari. Hakuna gari la Muyinga. Hakuna hata la Karuzi, nusu ya njia. Madereva walikuwa wamelala kwenye viti vya magari yao. Mmoja akanionea huruma, akaniuliza nani mgonjwa. Niliona aibu kusema ni punda. Nikasema, dada yangu.

Nikarudi nyumbani. Mke wangu Mwajuma aliniwekea chakula, nikakitazama tu. Sikuweza kuswali adhuhuri kwa utulivu. Nilipoteza hesabu ya rakaa nikaanza upya.

Dada akapiga saa tisa, kwa simu ya jirani. Sauti ilikuwa imeshuka, ya kawaida kabisa, na hapo nikajua.

Mguu aliuleta mbele. Alifanya kila kitu nilichomwambia, na mtoto akatoka. Jike, mweusi, masikio marefu yamelala. Dada akampangusa pua, akamsugua kwa majani makavu, akampulizia mdomoni kama alivyoona mkunga akifanya. Hakupumua. Alikuwa amekaa njiani muda mrefu mno. Kahawa amesimama, amekunywa maji, kondo lake limetoka lote. Anamlamba mtoto na hataki wamwondoe.

Nikaanza kusema pole. Nikaanza kusema, dada, Jumapili mimi ndiye...

"Acha hayo," akanikata. "Kiwele yake imejaa sana, maziwa yanadondoka na hana wa kumunyonya. Nimukamue ao nimuache?"

Nikafungua mdomo. Jibu lilikuwa tayari linakuja, na ile sauti yangu ya mtu anayejua. Lakini baba hakunionyesha hilo. Punda wa yule tajiri waliozaa wote walikuwa na watoto wao.

"Sijui, dada," nikasema.

Sikumbuki kama nimewahi kumwambia hivyo kuhusu punda. Nikamuuliza, "Wewe unaona nini?"

Akaanza kunieleza. Upande wa kushoto una joto kuliko wa kulia. Akigusa kushoto Kahawa anarusha mguu, akigusa kulia anatulia. "Mi naona nimupunguzie kidogo tu, upande ule unaouma, ili asiungue, nisimumalize." Alieleza polepole, na mimi nikasikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Fanya hivyo," nikamwambia.

"Ndivyo nitafanya," akasema, na nikasikia kwamba hakuwa akiniomba ruhusa.

Kesho baada ya alfajiri naenda parikingi kutafuta gari la kwenda kwa dada. Kama hakuna gari nitarudi, na keshokutwa nitaenda tena.