Sushi Niliyoiacha Ilowe

Shikamoo Mama yangu,

Mzigo wa duka nimeshanunua salama, lakini hapa Dubai chakula kinanishinda. Mama Zawadi, niliyesafiri naye, jana kanipeleka mkahawa mpya wa sushi: wali wa baridi na samaki mbichi, umefungwa kwa mwani kama karanga za kwenye karatasi, unaula kwa mkono. Nilipopewa wangu nikaushika tu, nangoja. Mpishi akaniashiria nile haraka, mimi nangoja. Mwani ukalowa, wali ukanimwagikia mapajani. Mpishi kanuna! Mama Zawadi alikuwa keshamaliza wake. Nikajiuliza, namngoja nani? Kumbe nakungoja wewe useme, "Haya, karibuni."

Nikifika nyumbani Bigwa nipikie wali wa nazi, wa mchele wa Turiani. Sitaonja mpaka unikaribishe.

Mwanao anayekukumbuka,
Rehema