Kizimamoto Chini ya Kiti

Baba Aikande, mume wangu,

Huko uliko najua hakuna trafiki, lakini nina swali la gari na mwenye jibu ni wewe. Hivi kile kizimamoto chekundu ulichokifunga chini ya kiti chako kilikuwa cha kazi gani hasa? Usiniambie ni cha kuwaonyesha trafiki. Jibu hilo ulinipa ukiwa hai, nikalipokea kwa sababu nilikuwa na haraka zangu. Leo silipokei.

Ninauliza kwa sababu nimejifunza kuendesha. Cheka kwanza, halafu tuendelee. Aikande amebanwa na kazi Dar, na Krismasi hii mimi ndiye nitakayempandisha mama yako kutoka hapa mtaani Soweto hadi kihambani, shambani kwenu Marangu. Nyonga yake ni ile ile, na fimbo ni ile ile. Nikimwangalia anavyokaa kwenye kiti cha mbele, ameshika pochi yake kama anakwenda ibadani, naingiwa na hofu ambayo sikuwa nayo wakati usukani ulikuwa mikononi mwako.

Unaikumbuka Desemba ile tulipopita Himo tukaanza kupanda? Mbele yetu kulikuwa na gari la watu waliotoka Dar, limejaa kama tunavyojaza sote msimu ule: godoro, magunia ya mchele, kreti za soda, na mbuzi wa sikukuu waliyemnunua njiani. Boneti ikaanza kufuka moshi. Mwenye gari akaruka nje, akafungua buti, akaanza kushusha mzigo mmoja mmoja huku akipiga kelele, "Kipo chini! Kizimamoto kipo chini kabisa!" Mbuzi alipata upenyo, akaingia kwenye mahindi ya watu. Nilicheka, Baba Aikande. Nilicheka mpaka mama yako akanifinya.

Wewe hukucheka. Ulichomoa kizimamoto chetu, ukapuliza unga kwenye uwazi wa boneti, moto ukanywea. Ukamwachia mwenye gari mtungi, ukaenda mlango wa nyuma, ukamvuta bibi wa watu aliyekuwa amebanwa kati ya godoro na mlango. Bibi alipofika kando ya barabara unga ulikuwa umekwisha, na moto ukarudi. Watu walileta mchanga na maji, lakini sehemu yote ya mbele iliungua.

Tulipoondoka nikakuuliza, "Sasa kimesaidia nini? Gari si limeungua?"

"Limeungua, ndiyo," ukasema, ukabadilisha gia.

Siku chache baadaye ulikuja na kingine kipya, ukakifunga pale pale kwa ukanda wa mpira wa tairi. Mimi nilikuwa napataka pale niweke chupa ya chai. Nikakwambia kikae kwenye buti, ukakataa. Nikakwambia kinanigonga nikifagia gari, ukasema nifagie kwa kukizunguka. Ulikuwa mtu mpole kwa mambo mengi, ila kwa mtungi ule ulikuwa mbishi, na mimi nilikasirika hasa. Nilidhani unalipenda gari kuliko mimi ninayetaka chai ya moto njiani.

Sasa gari ni langu na chupa ya chai ni yangu, kwa hiyo niliamua kuulizia kabla sijakitoa. Fundi wako, yule wa kofia ya sufu, aliinama akakiangalia, akacheka. "Mama, haka kamtungi hakazimi gari. Likiwaka, wewe shuka kimbia. Gari utapata lingine." Trafiki aliyenisimamisha aliangalia stika tu, mshale wa kuonyesha kama mtungi una nguvu hakuugusa kwa macho. Nikamuuliza, "Afande, umewahi kuona kikitumika?" Akaniambia niendelee na safari. Na jirani yetu mwenye gari la Noah alinionyesha cha kwake kwa fahari, bado kimo kwenye nailoni ya dukani na ameifunga kwa uzi. Hataki kipate vumbi! Nikamuuliza moto ukitokea atakata uzi kwa kitu gani. Akasema atatumia meno.

Ile kauli ya fundi ndiyo iliyonisumbua zaidi. Shuka, kimbia. Ni ushauri mzuri, nami nilitaka kuona unavyofanya kazi kwangu. Unanijua, jambo likiniingia kichwani silali. Nikamwita mama yako uani, nikamkalisha kwenye gari na kumfunga mkanda.

"Mama, tujifanye gari linafuka moshi. Ushuke haraka."

"Lifuke moshi na tumeliegesha nyumbani?"

"Tujifanye tu, mama."

Nikatoka nje, nikasimama kumtazama. Alipapasa mkanda, akabonyeza mahali sipo. Ulipofunguka ukashika upande wa kanga yake. Akatafuta fimbo, fimbo ikateleza chini ya kiti. Akageuka kwa ile nyonga yake, kidogo kidogo, akisema "Ee Bwana" kila anaposogea. Mguu mmoja ukashuka, akapumzika. Kandambili ikadondoka, akataka kuiokota. Fundi wako angekuwa ameshafika barabara kuu kwa mbio, na mama yako mguu mmoja bado umo ndani.

Hapo ndipo nilipokuelewa. Miaka yote mimi nilikuwa nauliza kama mtungi ule unaokoa gari. Wewe hukuwa na habari na gari. Ulitaka moto usubiri kidogo tu, mpaka mama ashuke. Nilisimama pale nikaona haya, halafu nikakumiss sana.

Mama yako akanikazia macho kutoka mlangoni.

"Mbona umesimama? Mwenzio alikuwa ananishika mkono."

"Mwenzangu yupi, mama?"

"Mwanangu. Kila Desemba kabla ya safari, wewe ukiwa ndani unafunga mizigo, tulikuwa tunafanya hivi hivi. Napanda, nashuka. Alisema daktari kaagiza, ni mazoezi ya nyonga."

Daktari gani, Baba Aikande? Mama nimempeleka kliniki mimi tangu mwanzo, na sijapata kusikia agizo hilo. Nilicheka, machozi yakanitoka, mama yako akauliza kama kuna vumbi. Nikasema lipo.

Siri yako sikuitoa. Nilimpandisha tena, nikamfunga mkanda, na safari hii niliuweka mkono wangu pale ambapo ungeuweka wa kwako. Mkanda, kanga juu, geuka, shika. Alishuka vizuri zaidi. Akavuta pumzi, akaniuliza mazoezi haya yatakwisha lini, maana mwanawe hakuwahi kumwambia.

Nimemwambia hayaishi, mama. Daktari kasema hayaishi.

Pumzika kwa amani, mume wangu. Aika, asante kwa yote, hata yale uliyonificha.

Ni mimi mkeo,
Mama Aikande