Tera Nne kwenye Seva ya Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Diski mpya zimefika! Mbili, kila moja ina nafasi ya tera nne, yaani terabaiti. Seva yetu, kompyuta kuu inayotumia mfumo wa Unix, ni kongwe, na diski zake zimejaa pomoni — picha za eksirei za hospitali nzima. Zikijaa kabisa, chumba cha eksirei kinasimama. Mpiga picha wa pale, tunayemwita Dada Mionzi, ameshanichungulia mlangoni. Anataka kujua ni lini. Nimemwambia kesho. Mdomo huu!

Nimefunga moja, seva ikiendelea kuwaka. Seva imesoma tera mbili tu. Nusu nyingine imekwenda wapi?

Jumanne, 5 Machi
Nimeigawa upya, kwa mpangilio unaokubali diski kubwa. Ikasoma tera nne. Nikacheka peke yangu.

Moyo haukutulia. Nikaandika alama mwanzoni mwa diski, nyingine mbele kidogo ya nusu. Kurudi mwanzoni — alama ya kwanza haipo. Ya pili imeikalia.

Bahati sikuwa nimeweka picha ya mgonjwa hata moja.

Jumatano, 6 Machi
Nimejua! Ni kadi inayounganisha diski na seva. Ikifika nusu, namba zinaiishia, inarudi sifuri, kama mita ya gari kuukuu. Halafu inaandika juu ya vilivyopo, wala haisemi kitu. Nimeikodolea macho kwa muda. Kitu kidogo, uongo mkubwa.

Inatakiwa kadi mpya. Stoo ipo. Lakini kuibadilisha lazima seva izimwe, na miaka yote niliyokaa hapa haijazimwa. Aliyeifunga ni baba mkwe, kabla hajastaafu.

Baba mkwe! Tangu niolewe tunaongea kupitia mume wangu. "Mwambie mkeo chai nzuri" — nami nimekaa palepale. Mume wangu amekataa kutumwa. Kasema mambo ya nyaya yatamshinda, nikamuulize mwenyewe.

Jumamosi, 9 Machi
Nimekwenda kwa baba mkwe. Nilianza kwa kutazama mkeka. Nilipofika kwenye habari ya alama iliyokaliwa, akavua miwani, akataka nirudie. Akauliza niliandika wapi hasa, nilisomaje. Mama mkwe akatoka jikoni kuangalia nani anaongea.

Ameniambia diski za zamani zikipoa zinaweza kugoma kuzunguka. Picha nimeshazinakili kwenye nusu iliyo salama. Ila programu inayozifungua iko kwenye diski ya kwanza, na mtengenezaji aliifunga isinakiliwe. Diski hiyo ikifa, picha zinabaki namba tupu.

"Sasa kwa nini usitumie nusu tu, ukaiacha iwake?"

Nikasema itajaa kabla mwaka haujaisha, mtambo mpya wa eksirei unakula nafasi. Ni kweli. Kisha ikanitoka:

"Na nataka kuona kama itawezekana, baba."

Akarudisha miwani machoni. Nikadhani nimevuka mpaka.

"Hata mimi," akasema. "Naweza kuja?"

Ananiomba ruhusa. Mimi!

Jumatatu, 11 Machi
Mkuu wa kitengo ametupa asubuhi hii tu. Baba mkwe kaja na shati lililopigwa pasi na bisibisi yake mwenyewe. Nimezima. Chumba kikawa kimya hata nikasikia watu wakipita nje. Sikujua kelele ile yote ilikuwa ya seva.

Kadi imeingia vizuri. Nimewasha. Feni zimeanza. Kadi imesoma tera nne — safari hii za kweli, mzee kahakikisha namba mwenyewe. Diski zote za zamani zimevuma moja moja, isipokuwa ya kwanza. Inagonga tik, inanyamaza. Tik, inanyamaza.

Nilitaka kuzima nirudie. Kanishika mkono. Hajawahi kunigusa.

"Usiizime, mwanangu. Inajaribu."

Kapiga magoti sakafuni na shati lake safi, sikio kwenye bati. Mimi nimekaa kando, naandika haya. Dada Mionzi amepiga simu: daktari anauliza picha. Nimewaambia wasubiri kidogo, mzee anasikiliza. Kaninyooshea kidole nisogee nisikilize na mimi. Tik. Safari hii imechelewa kunyamaza, au ni mvumo unaanza? Naweka kalamu, nasogea.