Siku Nilipompeleka Kaka Kufunga Uzazi

Chumba cha uani, nyumbani kwa Kaka
Jumapili, tarehe 14, mwezi wa sita

Mpendwa Dada,

Kabla hujauliza habari, ujue unasoma mwandiko wa bingwa. Mtaa huu mzima hakuna anayejua mambo ya uzazi kunishinda mimi, wakiwemo waliozaa. Wanaume wenye ndevu zao huniita Daktari pale kwa kinyozi, nami huitika bila aibu. Shule niliiacha kidato cha pili, hilo halijabadilika, lakini leo wewe mwenye cheti ukutani utajifunza kitu.

Haya, sasa shikamoo. Hujambo huko uliko? Yule bosi wako amepunguza kelele? Na mgongo je, au bado unainuka kitini kwa awamu? Sisi huku miili ni mizima. Watoto wa Kaka wote wanne wanakula kama walioajiriwa kula. Mimi bado niko kwa fundi bomba. Juzi niliachiwa choo cha mteja peke yangu, na hakikuvuja.

Simu nisingeweza kukupigia. Nyumba hii unaijua, neno likisemwa jikoni linajibiwa sebuleni. Na kuna jambo zito. Shemeji ni mjamzito, na Kaka amehamia kulala kwenye kochi. Anasema mimba si yake. Amemwambia afungashe, mwisho wa mwezi arudi kwao. Nivumilie, nitafika huko, ila lazima nianzie mwanzo ili uelewe.

Shemeji alipojifungua yule wa mwisho alipoteza damu nyingi sana. Mkunga akamwambia mwili wake umechoka, ujauzito mwingine ungeweza kumwondoa. Dawa za kuzuia mimba alizojaribu zamani zilimsumbua kichwa. Basi Kaka, bila kushauriana na mtu, akasema, "Nifungwe mimi." Mwenzangu, nilimtazama mara mbili. Rafiki zake hakutaka wajue, ndipo akaniambia nimsindikize mimi.

Kliniki yenyewe ina benchi refu na feni inayozunguka kwa kujilazimisha. Nesi wa pale ana miwani mikubwa, nami nikambatiza Mama Miwani. Juu ya meza yake kuna ubao uliobandikwa vifaa vyote vya kupanga uzazi. Unanijua, kitu chenye umbo siwezi kukiacha bila kukishika. Nikaanza na kile kidogo chenye umbo la T.

"Hii spea ya bomba gani?"

"Weka chini, fundi. Hicho ni kitanzi, kinakaa kwenye mfuko wa uzazi."

Basi nikauliza vyote. Kuna vijiti vyembamba kama vya kiberiti, vinawekwa chini ya ngozi ya mkono, mwanamke anatembea navyo miaka na hakuna anayejua. Akitaka mtoto, vinatolewa. Kuna sindano ya kila miezi mitatu. Kuna vidonge vya kumeza kila siku, na akisahausahau ajilaumu mwenyewe. Kuna kuhesabu siku, ambako Mama Miwani alisema kunataka watu wawili wenye adabu. Kuna kondomu, na hiyo ndiyo inayokinga na maradhi pia. Kuna mwanamke kufungwa mirija, na mwanamume vilevile. Njia nyingine moja nairuka, wewe ni dada yangu.

Nikamwuliza, "Kwa hiyo kupanga uzazi ni kukataa watoto?"

"Nani kakwambia? Ni mtoto kuja akiwa na pa kulala, na mama aliye hai wa kumnyonyesha."

Hilo lilinikaa. Nikamwuliza tena, je, mama yetu angepanga, mimi kitindamimba ningekuwepo? Akashusha miwani. "Kwa maswali haya, angeanzia kwako kupanga."

Kuhusu Kaka niliuliza kwa niaba yake, maana yeye alikuwa anatazama sakafu. Je, mtu akifungwa sauti inakuwa nyembamba? Ndevu zinadondoka? Akasema sauti inabaki, ndevu zinabaki, na mambo ya chumbani yanabaki. Inafungwa mirija miwili tu inayopitisha mbegu. Kaka akapumua kama tairi.

Tangu siku hiyo nikawa na darasa kwa kinyozi. Jina la Kaka sikulitaja, mimi si mtoto. Muuza mayai aliniuliza mke wake akimeza vidonge naye ameze, nikamwambia yeye ameze mate. Kinyozi alicheka mpaka mteja akapata mstari usiotakiwa kichwani. Ila fundi viatu alibaki nyuma, akaniuliza kwa sauti ndogo habari za vile vijiti, na wiki iliyofuata nikamwona na mkewe wanaelekea kliniki. Niache nijivune kidogo hapo.

Nisalimie mumeo, waambie na wale mapacha kwamba mjomba wao bado ni mzuri kuliko baba yao. Ukimwona Shangazi mdogo mwambie nakula vizuri. Mungu akutunze, akupe usingizi na bosi mpole.

Hapa barua ingeisha, kalamu nilishaiweka chini. Nimeiokota tena.

Dada, Shemeji hajaenda kwa mwanamume mwingine. Mimba ni ya Kaka. Siku ile Kaka, anayechomelea mageti huku cheche zikimrukia, aliiona sindano akalegea. Baada ya kufungwa alilala na taulo usoni, na Mama Miwani akanivuta pembeni. "Huyu sasa hasikii kitu. Wewe ndiye masikio yake. Mwambie mbegu zilizokwisha kupita bado zimo njiani. Watumie kondomu miezi mitatu, kisha arudi tumpime. Tukimwambia ziko safi ndipo waache." Akanipa na boksi la kondomu. Nikaitika kibingwa.

Halafu nikashindwa. Kaka ndiye aliyekuwa ananifunga kamba za viatu. Shemeji ndiye anayenipakulia. Ningeanzaje kuwafundisha ya kitandani kwao? Nilisema kesho, na kesho nikasema kesho. Boksi bado liko chini ya godoro langu, halijafunguliwa.

Jirani anasafiri alfajiri, ndiye atakayekuletea barua hii. Nikishampa, nawaita Kaka na Shemeji sebuleni na kuwaambia wote wawili. Nimekuandikia kwanza ili nisipate pa kurudi nyuma. Ukiisoma tu mpigie Kaka, anakuogopa wewe peke yako. Mwambie asimpeleke Shemeji kwao, ampeleke hospitali, maana mimba hii inataka kuangaliwa kwa karibu.

Tulipotoka kliniki siku ile Kaka alinishika bega, anatembea taratibu kama aliyebeba trei la mayai. Akaniuliza, "Nesi kasema nini?"

Nikamjibu, "Kasema pole."

Ni mimi mdogo wako, anayekupenda na kukuogopa,
Kitindamimba