Taarifa za Kadi Hazikufika, Nikamwita Wifi Yangu Mwizi

Mpendwa Dada Kusum,

Naomba unisaidie, na naomba jina langu usilitaje, maana hapa Bulileka gazeti lako linasomwa hadi kwa kinyozi na jambo lenyewe linahusu nyumba ya wakwe zangu. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka arobaini na minne, nashona sare za shule, na mwaka jana mwezi wa pili nilichukua kadi ya mkopo benki ya mjini Labasa ili ninunue mashine ya ovaloki ya kufungia kingo za nguo, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa inakata uzi kila mara na wazazi walikuwa wanakuja kunifokea mlangoni, watoto wanakwenda shule na mashati ya mwaka juzi.

Sasa barua zetu sote zinapitia sanduku moja la posta, namba 847, alilokodi marehemu baba mkwe, na ufunguo anakaa nao wifi yangu Premila, dada mkubwa wa mume wangu, mjane, anayeuza vitambaa duka la mkabala na posta. Kila Ijumaa akishuka basi anapita kwangu na barua, kama ni bili ya umeme, kama ni kadi ya harusi, ananikabidhi mkononi na kuniuliza kwa nini sijafagia. Ana ulimi, sitakuficha. Lakini taarifa ya kadi haikuja hata moja, na mimi, nasema ukweli, sikuhangaika, nilijiambia benki wakitaka chao watasema, nikawa nikienda mjini napita dirishani naacha dola hamsini, mwezi mwingine thelathini, mwezi mwingine siendi kabisa kwa sababu ya oda, na kile kimya nikakichukua kama ruhusa.

Mwezi wa kumi na moja msichana wa benki akanipigia simu, akaniambia mbali na deni lenyewe natakiwa kulipa dola mia tatu na kumi na mbili, faini za kuchelewa mara saba pamoja na riba. Nikamwambia, "Faini ya nini, mwanangu, na mimi sijaona karatasi hata moja?"

"Zinatumwa kila mwezi tarehe tano, mama. Hapa naona zimetumwa zote."

"Zimetumwa wapi?"

"Sanduku lenu la posta, mama. Labasa."

Basi hapo hapo akili yangu ikaenda kwa mtu mmoja. Nani anashika ufunguo? Nani alisema mbele ya mume wangu kwamba ovaloki ni anasa na kwamba marehemu mama yake mdogo alishona maisha yake yote kwa mkono? Nikakaa na hasira siku nne, na Jumanne jioni, watu wamejaa kwa mama mkwe kwa kisomo na nyimbo za ibada kama kila Jumanne, wanawake tunapakua maandazi ya dengu, wanaume wameanza kukoroga kinywaji chao cha kava barazani, nikasema kwa sauti kila mtu asikie, "Kuna watu humu wanaimba majina ya Mungu na huku wanaficha barua za wenzao."

Wifi akaweka sahani chini. "Taja jina."

"Mwenye ufunguo anajijua."

"Nimeuliza jina, ndugu zangu wote wasikie."

Nikalitaja. Nikasema Premila. Mama mkwe akaanza kulia, mume wangu Dharmend akanivuta mkono, na wifi akautoa ufunguo kwenye pochi, akauweka mkekani mbele yangu, akavaa kandambili zake akaondoka kwa miguu, hakungoja basi.

Baada ya siku sita alirudi. Hakukaa. Aliweka juu ya ovaloki bahasha yenye dola mia tatu na kumi na mbili kamili, akasema, "Barua yako sijaiona wala sijaigusa. Hizi ni kwa ajili ya mama, asife akisikia watoto wake wanaitana wezi." Nikaona mkononi ana bangili moja. Alikuwa nazo mbili za dhahabu, za harusi yake, na hazijatoka mkononi tangu nimeolewa katika nyumba hii. Na mimi nilizipokea zile hela, Dada Kusum. Nilizipeleka benki kesho yake, na njiani nilijiambia, unaona, mtu asiye na hatia asingelipa.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita amekuja hapa mzee mmoja anaitwa Apisai, mstaafu wa kiwanda cha sukari, sijawahi kumwona, ameshika mfuko wa plastiki. "Wewe ndiye mama mshonaji? Karani wa posta amenielekeza. Nilikuwa kisiwani Taveuni kwa mwanangu karibu mwaka mzima, nimerudi nimekuta sanduku langu limejaa barua zako. Sijafungua hata moja." Akacheka. "Benki inakupenda, mama. Mimi hata salamu hainitumii."

Zilikuwa kumi na mbili. Sanduku lake ni namba 841. Nilikwenda benki nikaomba kuiona fomu yangu, wakanionyesha, na mwandiko ni wangu, Dada, na ile saba yangu haina mkia wala kofia, hata mimi mwenyewe niliisoma moja.

Nilimwambia Dharmend, akasema, "Nyamaza. Limekwisha, faini imelipwa, ukifukua utanuka wewe." Na nimenyamaza wiki tatu. Wifi haji tena kwa kisomo, barua tangu siku ile naenda kuchukua mwenyewe, na hata hapo taarifa ya benki haikuwamo, nami sikujiuliza, na mama mkwe anauliza kila siku Premila yuko wapi. Jumanne ya mwisho wa mwezi mama anatimiza miaka themanini na watu wote watakuwepo, wifi naye ametuma ujumbe kwamba atakuja kwa saa moja tu. Nauliza, faini ile ilikuwa ya nani? Benki iliyotuma barua kwa mtu mwingine? Karani aliyesoma vibaya? Mzee aliyeacha sanduku lake mwaka mzima? Na je, ni lazima niseme, au nimrudishie wifi hela zake polepole bila kueleza?

Mshonaji, Bulileka

JIBU

Mshonaji wangu,

Pole. Najua ilivyo kuogopa jina lako lisisemwe vibaya katika nyumba ya wakwe. Lakini umenitajia benki, karani na mzee wa watu kabla hujajitaja wewe, kwa hiyo tuanze na faini, maana ndiyo uliyoiuliza kwanza.

Faini ilikuwa yako. Ulijua una kadi, ulijua ovaloki hukupewa bure, na tarehe ya kulipa haisimami kwa sababu karatasi imepotea. Soma mkataba wako, nina hakika jambo hilo limo humo na sahihi yako chini. Miezi tisa huoni taarifa na huulizi? Mteja wako akikaa miezi tisa bila kulipia sare, halafu akuambie "hukunikumbusha," ungemjibu nini? Usinitumie jibu hilo, gazeti hili linasomwa na watoto. Siku msichana wa benki aliposema "sanduku lenu", ungeuliza namba ngapi, maneno mawili tu, na barua hii usingeiandika.

Benki nayo haikosi kasoro. Barua zako zilikuwa zinalala kwenye sanduku la mtu mwingine, na baada ya malipo kuchelewa mara ya pili wangeweza kunyanyua simu badala ya kungoja ya saba. Kwa hiyo chukua zile bahasha kumi na mbili, mwombe mzee Apisai karatasi fupi yenye sahihi yake aeleze alivyozikuta, omba nakala ya fomu, na umwandikie meneja wa tawi ukimwomba akufutie faini. Omba, usidai. Wakikufutia nusu, shukuru. Wakikataa kabisa na ukaona umeonewa, uliza malalamiko yanapelekwa ofisi gani. Hapo hapo dirishani sahihisha namba ya sanduku, waambie wakutumie ujumbe wa simu kila mwezi, na uwaruhusu wakate kiwango cha chini cha malipo wenyewe kwenye akaunti yako tarehe moja isiyobadilika. Na mzee wa watu mwache. Amefanya kazi ya posta bila mshahara. Mpelekee chakula.

Hayo ni mambo ya karatasi. La pili umelijua jibu lake tangu wiki tatu zilizopita, ndiyo maana hulali.

Kurudisha hela polepole bila kueleza ni kumnunua wifi yako anyamaze juu ya kosa ambalo hakulifanya. Yeye alilipa ili mama yake apate amani, wewe ukaigeuza hiyo kuwa ushahidi. Nimelisoma jambo hilo mara mbili nikidhani nimekosea. Mwizi halipi mia tatu na kumi na mbili kamili, mpendwa, mwizi anabishana. Na huyo Dharmend, mwambie nimesema hivi: anayeambiwa dada yake si mwizi angefurahi kwanza, halafu ndiyo awaze harufu.

Nenda kwa sonara kesho. Labasa si kubwa, sonara ni wachache, na anayenunua bangili ya mjane humkumbuka. Kama ipo, weka malipo ya awali akushikie. Kama ameshaiyeyusha, agiza nyingine kwa uzito ule ule, ulipe kwa awamu, na kama oda za sare hazitoshi, ovaloki ina soko.

Kisha usingoje sherehe. Ukisubiri Jumanne mbele ya watu utakuwa umemtega mara ya pili, asiweze hata kukukasirikia kwa sababu mama anatazama. Nenda dukani kwake Ijumaa wakati wa kufunga, peke yako, na fomu ile mkononi, umwonyeshe namba uliyoiandika. Mwambie ulikosea, mwambie ulijua wiki tatu ukanyamaza. Hilo la wiki tatu ndilo litakalouma zaidi, kwa hiyo usiliruke. Anaweza kukufukuza. Ana ulimi, umesema mwenyewe, na safari hii ana haki ya kuutumia wote. Simama umsikilize hadi mwisho.

Halafu muulize kama anataka useme Jumanne. Akisema ndiyo, sema kabla ya kisomo kuanza, kwa sauti ile ile uliyomwitia mwizi, kwa watu wale wale, kwa jina lake. Dakika moja inatosha. Usieleze mwandiko wako, usitaje benki, na neno "lakini" uliache nyumbani kwako.

Meneja wa benki mwone Jumatano. Benki haiendi popote. Mama mkwe wako ana miaka themanini.