Kitunguu Saumu cha Kuoka na Pua ya Baba

Nyumba ya Ghorofa, Mkabala na Kiwanda cha Magodoro
Jumatatu, 17 Juni

Shangazi Mpendwa,

Shikamoo. Leo nitavunja utaratibu kwa kutanguliza swali kabla ya hali, maana limenikaa rohoni muda mrefu, nami naogopa salamu zikilitangulia nitapata kisingizio cha kuliacha. Mtu akikuambia chakula chako ni kitamu, unajuaje kwamba amekionja?

Sasa nirudi kwenye adabu. Hujambo, na goti lako linaendeleaje? Binamu yangu aliniambia kwamba umeanza kupanda ngazi bila kushika ukuta, nikafurahi mno. Sisi huku hatujambo. Mvua imetuganda, nguo tunazianika ndani hata juu ya kabati la vitabu. Wanafunzi wangu wamemaliza mitihani, kwa hiyo nimebaki na karatasi za kusahihisha na nafasi ya kufikiri, mambo mawili yasiyopatana.

Baba, kaka yako, ni mzima wa mwili. Bado yuko kwangu tangu ile siku ya gesi. Najua Meneja amekwisha kukusimulia, lakini ndugu yangu huyo husimulia jambo akiwa amekwisha kulitolea hukumu, kwa hiyo niruhusu nilieleze upya. Baba aliteleka birika nyumbani kwake, upepo wa dirishani ukauzima moto, gesi ikaendelea kutoka. Yeye alikuwa ameketi papo hapo akimenya chungwa. Jirani aliyekuwa akipita ngazini ndiye aliyesikia harufu, akaingia na kufunga mtungi.

Baba anasema alipitiwa tu, na nani asiyepitiwa? Meneja anasema si kupitiwa, bali pua imekufa tangu yale mafua makali, na kwamba mzee asirudi tena kuishi peke yake. Baba anaitaka nyumba yake. Wamekubaliana jambo moja tu, kwamba neno lako, dada mkubwa, ndilo litakalofuatwa. Ndiyo maana nakuandikia kabla hujalitoa.

Ile brusketa uliyonielekeza, mkate wa kubanika wenye saumu na nyanya juu, ndiyo iliyonipa wazo. Nilijiuliza kwa nini ulisisitiza kitunguu saumu kiokwe kizima. Nikasoma, nikagundua, au nadhani niligundua, kwamba ukali wa kibichi huzaliwa pale kinapokatwa au kupondwa, na ukali huo hauhitaji pua, kwani huuma ulimi na kuliza macho kama pilipili. Kikiokwa kizima hakiumi tena. Kibichi kingeweza kumzindua hata asiyenusa kitu, lakini cha kuoka, niliwaza, kingeniambia ukweli.

Basi jana nilikikata kilele, nikakimiminia mafuta ya zeituni, nikakizungushia karatasi ya aluminiamu na kukitia ndani ya oveni pamoja na nyanya zilizopasuliwa na kunyunyiziwa chumvi. Nyanya zilijikunja kingo, maji yake yakawa mazito kama asali. Punje za saumu zililainika hata zikawa zinachomoka kwenye maganda kwa kuminywa tu. Nyumba nzima ilijaa harufu. Baba alikuwa sebuleni na gazeti lake, hakuinua kichwa.

Meneja akaingia. "Mnaoka nini humu? Harufu imenipokea tangu mlango wa chini."

"Kwani si saumu hiyo?" Baba akamjibu, macho gazetini. "Au pua yako nayo inahitaji cheo?"

Nilitaka kufurahi, lakini nikakumbuka kwamba alipokuja jikoni kuchukua maji alikuwa ameiona mezani.

Nikabanika mkate. Vipande viwili vya Baba nilivifanya vifanane kwa macho: kimoja nilikipaka saumu, nikaifunika kwa nyanya, kingine nilikipaka mafuta matupu chini ya nyanya zile zile. Nikamwuliza anapenda kipi.

Humfundishi mwokaji kama Baba habari za mkate. Alikiinua cha kwanza, akakigonga chini kwa ukucha, akasikiliza. "Umekauka sawasawa," akasema. Akala, akala na cha pili, kisha akanitazama.

"Mwalimu, huu ni mlo au mtihani?"

"Ni mlo, Baba."

"Haya. Mlo wako wa kushoto una saumu. Nimefaulu?"

"Umebahatisha, mzee," Meneja akadakia. "Rudia tuone."

"Wewe mtihani wa udereva uliurudia hadi askari wakakuzoea, nami nikanyamaza. Nipe chai."

Alikuwa amepatia, Shangazi. Lakini furaha yangu haikufika hata kwenye kuosha sahani. Saumu ya kuoka ni tamu, na utamu ni kazi ya ulimi. Tena kile kipande cha saumu kilikuwa kimelainika kidogo, na meno ya mtu aliyeoka mikate maisha yake yote hayawezi kukosa kulitambua hilo. Mtihani wangu ulikuwa umepima kila kitu isipokuwa pua.

Kilichofuata sikukipanga. Baba alitaka vipande vingine, akasema atavibanika mwenyewe. Unakumbuka alivyokuwa kule kwenye duka la mikate: alikuwa akitia mikate tanurini, anatoka nje kubishana na wateja habari za mpira, kisha katikati ya sentensi anageuka na kuingia ndani, kwa kuwa pua imemwita. Jana alivuta kigoda, akaketi mbele ya kioo cha oveni, mikono magotini. Meneja alimwita aje aone bao kwenye runinga. Hakugeuka. Hakuondoa macho pale mpaka mkate ulipoiva.

Hapo niliamini kwamba hanusi. Lakini niliamini pia kwamba anajua kuwa hanusi, na hilo kwangu ni jambo tofauti kabisa. Mtu anayejua kasoro yake huilinda. Tungeweza kumwekea jiko la umeme akarudi kwake. Anayejificha hata nafsi yake ndiye wa kuogopwa. Ila huenda alikikodolea macho kile kioo kwa sababu tu alijua ninamtazama.

Ningeweza kumwuliza waziwazi. Nimejaribu, na kila mara nimepata jibu ambalo baba humpa mtoto ili asiogope. Meneja hupewa jibu la ushindani. Wewe peke yako kati yetu ndiye uliyemwona akiwa mtoto. Mpigie simu, Shangazi, sisi tusiwepo, umwulize. Akikuambia kwamba pua imekwenda, nitalala usingizi. Akikuambia ananusa kama zamani, ndipo nitakapoogopa. Na hata hapo sitakuwa na hakika kama hoja hii ni ya akili yangu, au ni ya binti asiyependa kumnyima baba yake nyumba yake.

Nisalimie bwana wa nyumba hiyo, binamu yangu, na yule mjukuu wako mchanga ambaye bado namjua kwa picha tu. Baba anakusalimu, anasema mapishi yako si mabaya ila nyanya zilitaka chumvi zaidi. Mungu akulinde, na akupe neno jema la kumwambia kaka yako.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nikupendaye kwa moyo wote,

Mwalimu